Maisha ya mwalimu mwanafunzi Leicester: unaanza upya hata kama ulishafundisha

LEICESTER, Uingereza – Wasomaji wetu wengi walioko nyumbani wakisikia kwamba fulani anafundisha Uingereza, fikra zao hukimbilia mshahara. Sisi tunaoandika makala hii tulianza kupokea maswali hayo wiki ya kwanza tu: unalipwa kiasi gani, umepanga nyumba ya vyumba vingapi, utatuma lini. Jibu la kweli lilikuwa gumu kulitamka kwenye simu. Katika mwaka wa masomo 2024/25 hatukuwa walimu bado. Tulikuwa walimu wanafunzi, na wawili kati yetu hawakulipwa hata senti moja kwa kusimama mbele ya darasa. Wao ndio waliokuwa wakilipa.

Tuko watatu. Mmoja ni Mtanzania wa Tanga, aliyefundisha hisabati kwa miaka minne katika sekondari moja wilayani Korogwe kabla ya kuja huku kwa viza ya mwanafunzi. Wa pili ni wa Mombasa. Mkewe ni muuguzi, yeye ndiye aliyepata kazi hospitalini, na mume akafuata pamoja na mtoto wao. Wa tatu ni dada yetu Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, aliyefika Uingereza na mama yake akiwa na miaka 12 na ambaye somo lake ni Kifaransa. Majina yetu na ya shule hatuyataji, kwa sababu tuliowafundisha ni watoto wa watu na wengine bado tunawafundisha.

Msomaji atauliza: mwalimu wa miaka minne anaanzaje upya? Mwezi Februari 2023 serikali ya Uingereza ilifungua utaratibu mpya wa kuwapa walimu wa kigeni hadhi ya mwalimu aliyefuzu, ile inayojulikana kwa herufi QTS, na ikaongeza nchi tisa: Afrika Kusini, Ghana, Hong Kong, India, Jamaica, Nigeria, Singapore, Ukraine na Zimbabwe. Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwemo. Mtanga wetu alisoma orodha ile mara mbili, akafunga kompyuta, akachukua njia ndefu, yaani PGCE.

PGCE ni kozi ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye shahada, kuanzia Septemba hadi Juni. Jina lake ni la chuo kikuu lakini maisha yake ni ya shule. Mwanafunzi hutakiwa kuwa shuleni kwa siku zisizopungua 120, katika shule mbili au zaidi. Kule kwetu tunaita TP, unakwenda wiki chache, mhadhiri anakuja kukukagua mara mbili au tatu, unarudi chuoni. Huku TP ndiyo kozi yenyewe.

Giza kwenda, giza kurudi

Mtanga alipanga chumba jirani na Narborough Road, barabara ambayo watafiti wa LSE walieleza mwaka 2016 kwamba wenye maduka yake walizaliwa katika nchi zaidi ya 20. Kwa mgeni ni mahali pazuri pa kuanzia, maana hakuna anayekushangaa. Lakini shule aliyopangiwa ilikuwa upande wa pili wa mji, kwa hiyo kila siku ni mabasi mawili. Aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ilipofika saa moja na nusu alikuwa kwenye foleni ya mashine ya fotokopi.

Foleni hiyo inastahili makala yake yenyewe. Mashine mbili, walimu zaidi ya hamsini, na moja kati ya hizo mbili imekwama karatasi. Mwalimu mwanafunzi hana cheo mbele ya mashine ya fotokopi. Akija mwalimu mwenye kipindi cha kwanza na karatasi thelathini tu, unampisha. Akija mwingine, unampisha. Dada yetu Mkongo alijifunza mapema kufanya fotokopi za kesho jioni ya leo, akatufundisha na sisi, na tunadhani hakuna somo la chuoni lililotuokoa kuliko hilo.

Saa mbili na dakika 35 ni kuita rejista. Kisha vipindi vitano vya saa moja moja, katikati mapumziko na chakula, na saa tisa na dakika kumi watoto wanatoka. Mwalimu hatoki. Kuna vikao, kuna wanafunzi waliobakishwa kwa utovu wa nidhamu, kuna madaftari. Mwezi wa Desemba jua la Leicester huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Wiki nzima unaliona kupitia dirisha la darasa tu, tena siku likiwapo.

Ukifika nyumbani saa kumi na mbili ndipo kazi nyingine inapoanza: andalio la somo. Nyumbani tulikuwa na azimio la kazi na andalio la somo, na mkaguzi akija unalitoa kabatini. Huku andalio lilitakiwa limfikie mwalimu mlezi, yaani yule anayekusimamia pale shuleni, siku mbili kabla ya kipindi, likiwa na slaidi zake, maswali utakayouliza, na nani utamuuliza. Nani ana matatizo ya kusoma, nani anajifunza Kiingereza bado, nani lazima akae mbele kwa sababu ya macho. Mwezi wa kwanza kipindi kimoja cha saa moja kilitula saa nne za maandalizi.

Mji wenyewe ulitupokea kwa namna yake. Watu wa Leicester wana neno la mapenzi, "me duck", bata wangu. Dereva wa basi anakuita bata, mama wa jikoni shuleni anakuita bata, na mkate mdogo wa mviringo unaitwa "cob", neno ambalo wa London hatakuelewa. Halafu kuna salamu. Mwenzako anapita kwenye ujia, anasema "You all right?", na kabla hujafungua mdomo keshapinda kona. Sisi tuliozoea habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi tulibaki na majibu mikononi. Ilichukua muda kuelewa kwamba ile ni salamu kamili, haidai chochote.

"Mwalimu" ni cheo?

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tulipojiandaa kuja tuliogopa Kiingereza. Tuliogopa baridi. Hakuna aliyetuambia kwamba kitakachotutesa ni kupotea kwa cheo.

Nyumbani mwalimu ni mtu. Muuza duka anamkopesha, majirani wakigombana anaitwa, barua ya serikali ikija kijijini anasomewa kwanza yeye. Nchi nzima ya Tanzania ilimwita rais wake wa kwanza kwa jina hilo la kazi, na hata yeye alipita huku kama mwanafunzi, Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952. Ukiingia darasani Korogwe watoto sabini wanasimama kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu", na kimya kinakuwapo kabla hujakiomba.

Leicester unapewa darasa la watoto thelathini wa miaka 12 na 13, Year 8 kama wanavyoita, baada ya chakula cha mchana, siku ya mvua. Wanaingia wakiongea. Wanaendelea kuongea. Wanakuita "Sir", neno kubwa ukilitazama kwenye kamusi, lakini wanalitumia kama sisi tunavyotumia "ebu". Sir, nimesahau kalamu. Sir, huyu kanisukuma. Sir, kwa nini unasema hivyo "three"? Hakuna ubaya ndani yake. Kwao heshima haiji na kazi, unaanza na sifuri na kila kipindi unapata kidogo au unapoteza.

Hata macho ni lugha nyingine. Mtoto wa kwetu akikemewa huinamisha kichwa, na ukimwona anakukodolea macho unajua ni jeuri. Huku mwalimu husema "niangalie ninapozungumza nawe", na anayeinamisha kichwa ndiye anayehesabiwa mkaidi. Na tena "asante". Walimu wenyeji hawasemi "tafadhali vueni makoti". Wanasema "makoti, asante", kana kwamba jambo limeshafanyika. Tafadhali huacha mlango wa kukataa, asante inaufunga. Mtanga aliandika jambo hilo kwenye daftari lake la uchunguzi wiki ya pili, alipokuwa bado anakaa nyuma ya darasa akitazama wengine wakifundisha somo alilolifundisha yeye miaka minne.

Siku moja mtoto mmoja akamuuliza mbele ya wote: Sir, ni kweli kwenu walimu wanapiga? Akajibu kweli. England ilipiga marufuku fimbo katika shule za serikali mwaka 1987, Kenya mwaka 2001, na kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, kwa mkono au idhini ya mkuu wa shule. Darasa zima likanyamaza, na kilikuwa kimya chake cha kwanza tangu afike. Tulicheka usiku ule tuliposimuliana, lakini baadaye tukalizungumza kwa makini. Maoni yetu ni kwamba fimbo humpa mwalimu kimya cha bei rahisi, naye hajui amekinunua kwa nini. Huku hakuna cha bei rahisi.

Somo lenyewe nalo lina mitego. Tanga ni BODMAS, Leicester ni BIDMAS, hesabu ni ileile ila ukisema herufi tofauti na ya ukutani watoto thelathini wanakurekebisha kwa furaha. Dada yetu alipata kubwa zaidi. Kongo, kama Ubelgiji, sabini ni "septante" na tisini ni "nonante", ndivyo alivyohesabu tangu chekechea. Mtihani wa England unataka Kifaransa cha Paris, sitini-na-kumi na ishirini-mara-nne-na-kumi. Mwanamke aliyezaliwa ndani ya Kifaransa akawa anafanya mazoezi ya namba kwenye basi, midomo ikicheza, watu wakimtazama. Hata hivyo alikuwa na bahati moja tuliyoshiriki wote: majina. Rejista za Leicester zina Wagujarati, Wasomali, Wapolandi, Waromania. Mswahili haogopi irabu. Mtoto aliyezoea jina lake kukatwakatwa akilisikia limetamkwa lote, anainua kichwa.

Wiki nne

Mwishoni mwa Novemba Mtanga aliitwa ofisini. Mwalimu mlezi wake, mama wa Kiingereza mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, alikuwa na mtu wa chuo. Wakampa karatasi. Iliitwa mpango wa msaada, jina la upole, lakini maana yake ilikuwa wiki nne. Ujuzi wake wa hisabati haukuwa na shaka. Udhibiti wa darasa haujafikia kiwango. England ina viwango vinane vya walimu, vinavyotumika tangu Septemba 2012, na cha saba ndicho hicho. Asipobadilika, mafunzo yake katika shule ile yatahesabiwa yameshindikana.

Kwa mwenyeji hilo ni jambo chungu. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ni zaidi ya hapo, kwa sababu akiacha masomo chuo kinawajibika kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani, na viza inasimama juu ya masomo. Ada ya mgeni, iliyo kubwa kuliko pauni 9,250 alizotozwa mwenyeji mwaka ule, ilikuwa imelipwa kwa akiba yake, shamba la minazi la familia, na mjomba aliyeko Muscat. Jioni ile hakumpigia mtu yeyote nyumbani. Alikuja Highfields kwa mama yake dada yetu, akala fufu na sombe bila kusema, ndipo akatoa karatasi mfukoni.

Alichokifanya katika wiki zile nne hakina uchawi. Aliacha kumngoja mtoto ndani ya darasa. Alisimama mlangoni na orodha, akamsalimia kila mmoja kwa jina, akamwonyesha kiti. Swali la kwanza lilikuwa tayari ubaoni ili mikono iwe na kazi kabla ya midomo. Aliteremsha sauti badala ya kuipandisha. Na alifuata ngazi za shule bila kuruka hata moja: onyo, jina kuandikwa, kubakishwa, simu nyumbani. Mama yule alimwambia kwamba watoto hawamchukii mwalimu mkali, wanamchoka mwalimu asiyetabirika. Kila jioni alipiga simu mbili nyumbani kwa wanafunzi, moja ya lawama na moja ya sifa. Ya sifa wazazi walikuwa hawaiamini. Mzazi mmoja aliuliza mara tatu: kwa hiyo hajafanya kosa?

Kisha ukaja mkutano wa wazazi. Ni ukumbi mkubwa, meza zimepangwa kama za mtihani, kila mzazi ana dakika tano. Msichana mmoja wa Year 8, hodari lakini hafanyi kazi ya nyumbani, alikuja na baba yake na bibi yake aliyevaa sari na sweta. Baba akazungumza, Mtanga akajibu. Bibi alikuwa kimya, akisikiliza lafudhi. Dakika ya tatu akamkatiza mwanawe.

"Unatoka wapi, mwalimu?"

Kwa Kiswahili. Mtanga anasema alihisi ukumbi umeinama.

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Tanga wapi? Baba yangu alikuwa na duka Ngamiani."

"Barabara ya ngapi, bibi?"

"Ya kumi na mbili."

Anayeijua Tanga anajua kwamba mitaa ya Ngamiani huhesabiwa kwa namba, na kwamba mtu akikutajia namba yake hana haja ya kutoa ushahidi mwingine. Dakika tano zikaisha, wazazi wa nyuma wakasubiri. Bibi alipoinuka alimshika mjukuu begani, akasema maneno mengi ya Kigujarati, na katikati yake likawamo moja tulilolijua wote: mwalimu.

Wasomaji wasishangae kumkuta mzaliwa wa Ngamiani mjini Leicester. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000. Baraza la mji wa Leicester lilinunua tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja. Wengine kutoka Kenya na Tanzania walikuwa wametangulia au wakafuata, na mwaka 2022 mji huohuo uliadhimisha miaka hamsini ya ujio wao kwa maonyesho. Sensa ya 2021 iliwahesabu wakazi wa Leicester kuwa karibu 368,600, asilimia 43 wakiwa wa asili ya Asia. Ukitembea Belgrave Road na Melton Road utaagiza "mogo" ya kukaanga, na huo ni muhogo uliopitia mdomo wa Kigujarati. Jikoni kwa wazee hao bado kuna sufuria na fagio, kwa majina hayohayo.

Tusiseme kwamba bibi aliokoa kazi ya mtu. Darasa lina watoto thelathini na yeye alikuwa na mjukuu mmoja. Kazi ya nyumbani ilianza kuja, hilo ni kweli, na kijana wa Kisomali ambaye mama yake aliishi Nairobi akaleta salamu, "mama anasema habari yako, Sir." Lakini mlango, orodha na simu za jioni ndivyo vilivyobadilisha Year 8. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mama yule wa Kiingereza akaifunga karatasi kwa kalamu nyekundu, akasema "well done, me duck", na Mtanga akashika basi lake.

Aliyeondoka

Ndugu yetu wa Mombasa yeye hakumaliza. Alikuwa anajifunza kufundisha shule ya msingi, darasa la watoto wa miaka saba, na kwa maoni ya wote waliomwona alikuwa na kipaji kuliko sisi. Watoto walimganda. Hakupewa karatasi yoyote.

Kilichomshinda ni hesabu ya nyumbani. Mkewe alikuwa zamu za usiku. Shule inataka mwalimu awe ndani saa moja na nusu, chekechea ya mtoto inafunguliwa saa mbili, na mama anatoka wodini saa mbili kasoro. Nusu saa ile isiyo na mtu ndiyo iliyovunja kozi. Walijaribu jirani, walijaribu kulipa mtu, na malipo yakawa yanatoka kwenye mshahara mmoja ambao pia ulikuwa unalipa ada, kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake Likoni. Mwezi Februari 2025 akaaga.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo hata kati yetu lilileta ukimya. Serikali hutoa ruzuku kwa masomo yenye upungufu wa walimu. Mwaka ule dada yetu, mwenye hadhi ya ukaazi, alipata pauni 25,000 kwa ajili ya Kifaransa. Mwenyeji wa hisabati angepata 28,000, na Mtanga, kwa somo lilelile katika chumba kilekile, hakustahili kwa sababu ya viza. Wa Mombasa hakupata, kwa sababu ya hadhi yake na kwa sababu ualimu wa msingi hauna ruzuku. Tulikuwa tukinunua kahawa kwa zamu Jumamosi, na zamu ya dada ikawa ndefu kuliko zetu bila mtu kulitaja.

Nyumbani kwao Mombasa walisema ameshindwa masomo. Hakushindwa. Hivi sasa ni msaidizi wa darasani katika shule nyingine, analipwa kwa saa, anaanza saa mbili na nusu kasoro dakika tano, na mtoto anapelekwa na baba. Anasema atarudi mtoto akianza darasa la kwanza. Sisi tunamwamini, ingawa ada aliyolipa mwanzo haikurudi yote.

Kwa wanaouliza karatasi

Wawili waliobaki walifuzu Juni 2025. Kuanzia Septemba 2025 mwalimu mpya nje ya London huanza na pauni 32,916 kwa mwaka kabla ya kodi, na kwa miaka miwili ya kwanza huhesabiwa bado mwalimu mchanga, akiwa na mlezi na vipindi vilivyopunguzwa. Mtanga alipata kazi katika shule ya pili aliyofanyia mazoezi. Dada yetu amekwenda Coventry.

Kwa msomaji anayefikiria njia hii, shahada na vyeti vya nyumbani hupimwa na UK ENIC, na mwombaji lazima aonyeshe Kiingereza na hisabati sawa na daraja la 4 la GCSE. Cheti cha kidato cha nne kina kazi hapo, usikiache kwa shangazi. Omba mapema, kwa sababu chuo kikikupokea bado kuna mahojiano na upekuzi wa rekodi za jinai wa DBS, na kwa aliyeishi nje ya Uingereza shule hutaka pia cheti cha polisi wa nchi alikotoka. Hicho cha polisi kitafute ukiwa bado nyumbani. Mtanga alikiomba akiwa huku, alama za vidole zikasafiri kwa posta, na wiki tatu za kwanza za Septemba hakuruhusiwa kuwa peke yake na mtoto hata kwenye ujia.

Uliza pia, kabla ya kulipa chochote, shule utakayopangiwa iko umbali gani na basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Chuo kitakujibu kwamba upangaji haujakamilika. Uliza tena.